Ng'ombe wa Miguu Mitano

Mimi ni mtu wa chanzo. Watu wa Rwamishenye wanaokuja dukani kwangu kutoa kopi na kuchapisha barua za kuomba kazi wanalijua hilo, maana hata wakiniletea umbeya nawauliza wameusikia kwa nani. Mume wangu Isaac husema nilipaswa kuwa hakimu. Mimi nasema dunia hii imeharibiwa na watu wa "inasemekana".

Wateja wakipungua, huandika. Kuna ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza makala au kurekebisha ya mwenzake, bure, bila kupiga hodi. Nimeandika humo juu ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa, juu ya tanuri ambazo Wahaya wa kale waliyeyushia chuma, juu ya samaki wa ziwani wanaokula konokono, na juu ya jinsi gome la mti linavyogongwa mpaka linakuwa nguo. Kazi hii hainipi hata bando la intaneti, lakini inanipa raha ya kuwafutia watu uongo wao.

Makala niliyoipenda kuliko zote ilihusu mwamba wa kwetu Muleba. Uko mwisho wa kibanja chetu, shamba linalozunguka nyumba, pale migomba inapokoma na mteremko wa kwenda ziwani unapoanza, na una michoro myekundu ya kale: mistari, nukta, watu wembamba wenye mikono mirefu. Chini kabisa, upande wa kushoto, kuna ng'ombe mdogo wa miguu mitano. Sentensi yangu ya kwanza ilisema: "Mwamba huu uko katika kibanja cha marehemu Alexander Kahangwa, wilayani Muleba." Huyo ni baba yangu. Alizama karibu na kisiwa cha Bumbire nikiwa bado mdogo, dhoruba ilipopindua mtumbwi wao, na kaburi lake liko hapo kibanjani. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, nilikuwa napanda kwenda nyumbani kuupaka chokaa msalaba wake.

Juu ya yule ng'ombe nilijiachia. Niliandika aya nzima kwamba mguu wa tano huenda ulikuwa ishara ya rutuba, au ni namna wachoraji wa kale walivyoonyesha mwendo. Siku hiyo nilijiona nshomile kweli kweli, msomi wa kujidai, kama watani wetu wanavyotuita.

Ndipo akatokea mtu anayejiita Mkaavisiwani. Alianza na vitu vidogo. Mimi niliandika kwamba udongo wa rangi ulitoka mbali. Yeye akarekebisha kwamba unachimbwa kwenye korongo nyuma ya kisima cha jirani zetu, kina Protase. Nikauliza nyumbani, nikaambiwa ni kweli, nikakasirika zaidi kuliko kama angekuwa amekosea. Kisha akafuta aya yangu yote ya ng'ombe na kuweka maneno machache: "Ng'ombe huyu si wa kale. Alichorwa na mtoto wa nyumba hiyo." Chanzo hakuna.

Nikarudisha aya yangu. Akaifuta. Nikairudisha tena, naye akaifuta tena, na hivyo ndivyo tulivyokwenda kwa wiki nzima, huku Isaac akiniuliza kama nimeolewa na hiyo simu. Kwenye ukurasa wa majadiliano nilimwandikia kwa ukali kwamba hapa si kijiweni, alete chanzo au anyamaze. Hakujibu haraka. Nikamshtaki kwa mkabidhi, yaani mmoja wa wale wanaojitolea kuchunga kamusi na wenye uwezo wa kuwafungia waharibifu. Nilieleza kwamba mtu huyu anaingiza porojo, nikaomba afungiwe. Akafungiwa siku hiyo hiyo, nami nikarudisha aya yangu na kuagiza chai na sambusa kujipongeza.

Asubuhi iliyofuata nikafungua ukurasa wa majadiliano na kukuta kwamba alikuwa amejibu kabla mlango haujafungwa. Aliandika hivi:

"Chanzo: nilikuwepo. Mtoto nilimbeba mabegani, nikamkorogea udongo mwekundu kwenye jani la mgomba. Nilimwambia ng'ombe ana miguu minne. Akasema wa tano ni wa kumzuia asiteleze kwenda ziwani. Tulipokuwa tunashuka aliniponyoka, akapasuka chini ya kidevu. Mama yake tulimdanganya kwamba ameanguka kisimani. Samahani kwa usumbufu."

Mkono wangu ulikwenda kidevuni wenyewe. Kovu lipo. Mama amewaambia watu maisha yangu yote kwamba nilianguka kisimani, na mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka lolote. Mteja mmoja alikuwa mbele yangu akitaka kopi za cheti cha kuzaliwa. Nikamtazama bila kumwona, na mashine ikaendelea kutoa karatasi mpaka akaizima mwenyewe. Nilijiambia ni tapeli. Nikatafuta tapeli gani angeweza kuujua uongo ambao hata Mama aliuamini, nikakosa. Nikafunga duka mchana kweupe na kupanda gari la Muleba.

Mama yangu, Kokugonza, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Jiko lake ni kijumba cha matofali nyuma ya nyumba kubwa, chenye milango miwili: wa mbele tunaoutumia, na wa nyuma ambao tangu utoto wangu una komeo na hatukuruhusiwa kuugusa. Hata siku hiyo nilipotaka kuuegemea alinikemea. Kisha akanitazama usoni, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyomfanyia kila mtu anayefika na habari.

Sikuitafuna. Nilimsomea maneno yale kwenye simu, neno kwa neno, na kisu chake kikasimama katikati ya ndizi. Nilitegemea aniulize ni nani aliyeandika. Nilitegemea acheke, au apige ishara ya msalaba.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

Nilimuuliza yuko wapi nani. Mama akaweka kisu chini, akafuta utomvu mikononi, na akanieleza bila kunitazama.

Ziwa lilikuwa limemchukua baba yangu na halikumrudisha. Walitafuta mpaka wavuvi wa Bumbire wenyewe wakakata tamaa. Basi ukoo ukafanya kama ulivyozoea kufanya kwa mtu aliyepotea majini: wakakata mgomba, wakaufunga kwa shuka, wakaulaza ndani ya jeneza na kuupigilia misumari, wakauzika badala yake ili amani irudi nyumbani. Watoto hatukuambiwa. Watu wazima hawakutaka kulisema.

Nilisimama. Miaka yote ile nilikuwa nimeupaka chokaa mgomba. Nilikuwa nimeulilia mgomba, nimeuombea Misa, na siku ya harusi yangu nilipiga magoti mbele yake kuuaga. Nilihisi aibu, kisha hasira, na hasira ikawa kubwa zaidi. Nilimwambia Mama kwamba alinifanya mjinga.

"Subiri," akasema. "Hilo ndilo dogo."

Baba alirudi. Ilikuwa karibu mwaka baadaye, asubuhi, mimi nikiwa shuleni. Wavuvi wa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, walikuwa wamemwokota akiwa amevunjika mguu, na homa ikamlaza huko miezi mingi. Simu wakati ule hakuna, na barua aliyotuma haikufika. Alikuja akichechemea mpaka mwanzo wa kibanja. Hapo akakutana na baba yake mwenyewe, mzee Kahangwa, ambaye alinyoosha fimbo kumzuia njia. Alimwambia kwamba wameshamzika. Aliyezikwa akiingia kwa mlango wake, kaburi litadai mwingine badala yake.

"Mwingine nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Walikutaja wewe," akasema Mama. "Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Joviana. Nilimfungia baba yako ndizi za njiani kwenye jani, nikampa, nikamgeuzia mgongo."

Nilimuuliza kama baba alibisha. Mama akasema hapana. Alitazama msalaba wenye jina lake, akatazama mkoba wangu wa zamani wa shule uliokuwa unaning'inia barazani, akasema basi mtoto asiambiwe, asije akakua akijiona yeye ndiye sababu. Akaondoka kwa njia ya chini, ya ziwani, akipita kwenye mwamba.

Nililia pale jikoni kama mtoto. Nililia kwa hasira juu ya babu, ambaye nilimpenda, na juu ya mwanamke huyu aliyekaa mbele yangu na ndizi zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu nikaona kosa langu mwenyewe, na machozi yakakata. Mtu yule alikuwa amezuiwa mlangoni na baba yake. Baada ya miaka yote hiyo akapata mlango mmoja duniani usiokuwa na mzee mwenye fimbo, mlango ambao yeyote anaingia bila kupiga hodi, akaingia polepole na habari za udongo na kisima. Alirekebisha kila kitu katika makala yangu isipokuwa sentensi ya kwanza. Hakuligusa neno "marehemu". Na mimi, binti yake, nimemfungia.

Nilimwambia Mama hivyo. Mambo ya mkabidhi na majadiliano hakuyaelewa, lakini kufungia mtu mlango alikuelewa vizuri.

"Umeufunga kwa mkono wako," akasema. "Ufungue kwa mkono wako. Na mwambie asipite mbele."

Akanionyesha kwa kidole ule mlango wa nyuma wenye komeo. Baba alipokwisha kwenda, bibi mmoja wa kijiji cha Izimbya alimweleza Mama kwamba dawa ilikuwepo siku zote: aliyezikwa bila kufa hupitishwa nyuma, kwenye ukuta uliobomolewa kwa ajili yake, kama mtu anayezaliwa upya nyumbani kwake, na kaburi halina tena la kudai. Mzee Kahangwa hakulijua hilo, au alilijua na akaogopa. Mama akamwita fundi akatoboa ukuta wa jiko na kuweka mlango. Hakujua ampelekee nani habari, wala wapi. Akautia komeo ili asipite mtu mwingine kabla yake.

"Waliokataa wote wamelala humo kibanjani," akasema. "Nimebaki mimi, na mimi sikatai."

Nilikaa kwenye kigoda nikautazama mlango ule. Nimeuona tangu nikiwa mdogo, nimechapwa kwa ajili yake, na sikuwahi hata mara moja kuuliza ni wa nini. Mimi, mtu wa chanzo.

Niliporudi mjini nilimwandikia mkabidhi nikiomba Mkaavisiwani afunguliwe. Akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba mimi ndiye niliyemwita mharibifu, sasa nina sababu gani. Nilitafuta maneno ya kitaalamu, sikuyapata. Nikaandika: "Ni baba yangu." Hakuomba uthibitisho. Alimfungua.

Kwenye ukurasa wa majadiliano nikaweka sentensi moja: "Mama anasema upitie mlango wa nyuma wa jikoni." Kisha nikangoja. Nilikuwa nachungulia simu kati ya mteja na mteja, nikitoa kopi zilizopinda na kukosea majina ya watu kwenye barua zao, na kila mara ukurasa ulikuwa vile vile. Isaac alianza kunishauri kwa upole kwamba labda mzee amechoka, labda amekasirika, labda hana tena nguvu ya safari. Nilimwambia aniache.

Alhamisi niliona badiliko. Halikuwa kwenye majadiliano, lilikuwa kwenye makala yenyewe, na aya yangu ya ng'ombe hakuigusa. Nikafungua historia ya ukurasa, mahali panapoonyesha kilichokuwepo na kilichoondolewa. Lilikuwa limeondolewa neno moja tu, kwenye sentensi ya kwanza. Sasa ilisomeka: "Mwamba huu uko katika kibanja cha Alexander Kahangwa, wilayani Muleba." Mahali pa kueleza sababu ya kufuta, alikuwa ameandika: "Nafika Jumamosi."

Nikampigia Mama, nikamsomea. Nilimsikia akiweka simu juu ya meza bila kuikata, nikasikia hatua zake, kisha komeo la zamani likigoma, likigoma tena, na likivutwa.