Rejista Isiyouliza Ukoo

Kamati ya shule ilipoamua kuwatuza watu waliohifadhi historia yetu, nilijua tutavutana, maana mimi, mwalimu wa hapa, ndiye katibu na kamati hii naijua. Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1964, hapa Garissa, darasa letu la kwanza lilikatwa katikati kwa ukuta wa matete. Upande mmoja watoto wa makarani na wenye maduka walikalia madawati. Upande wa pili watoto wa wafugaji na wa wakulima wa kando ya mto walikaa chini. Mwalimu mmoja akaubomoa ukuta, akaandika rejista moja, na safu ya ukoo akaiacha tupu.

Rejista hiyo ipo mpaka leo kwa sababu ya Eedo Ramlo, yaani shangazi Ramlo, kama tunavyomwita sote. Baba yake, Nunow, alikuwa mfagiaji wa shule, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliokaa chini. Alipokua akawa mtunza stoo. Mafuriko ya 1997 yalipofika shuleni, aliacha vyombo vya nyumbani kwake visombwe, akabeba vitabu vya shule kichwani. Kila Januari huwasimulia watoto wapya habari za ukuta ule, bila kuombwa na mtu.

Vyeti vilikuwa vitatu. Kwetu, vitu vikifika vitatu vinagawanywa kwa koo tatu kubwa, hata viwe viti vya plastiki. Cha kwanza akapewa Korane, mzee wa ukoo mmojawapo, ambaye amehifadhi historia kwa kutundika picha moja sebuleni. Cha pili akapewa bwana mmoja ambaye hata sasa sikumbuki alihifadhi nini.

"Na Eedo Ramlo?" nikauliza.

"Huyo mama ni mzuri, walahi," akasema Deeq, mwenyekiti wetu. "Lakini yeye ni wa nani? Tukimpa yeye, ukoo gani imepata?"

Kisha akajijibu mwenyewe. Tuna desturi ya zamani: mtu asiye na watu hujisitiri kwa ukoo wenye nguvu, akahesabiwa wa kwao. Basi Ramlo atahesabiwa wa ukoo wa Deeq, na cheti cha tatu kitakuwa kimefika mahali pake. Hakuna aliyecheka. Nikakiandika cheti kwenye kompyuta, jina na ukoo chini yake, na nilijua vizuri ninachofanya.

Siku ya sherehe aliitwa wa mwisho. Afisa wa elimu akamkabidhi cheti, akageukia kamera. Ramlo hakugeuka. Alikisoma mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Mzee Deeq," akasema, "mimi ni Ramlo wa Nunow, mfagiaji wa shule hii. Siku ile mwalimu hakuniuliza zaidi ya hapo. Kama cheti ni cha mtu mwingine, mpeni mwenyewe."

Akakirudisha kwa mikono miwili, akaenda zake. 

Deeq akaniinamia. "Sugow, wewe andika mama alikuwa mgonjwa, hakuja."

Nikaandika.

Jumatatu nilipeleka kumbukumbu za sherehe stoo, kwa kuwa karatasi zote za shule huishia kwa Eedo Ramlo. Kwa kawaida hupokea, akafunga kwa uzi, akatia kwenye sanduku la bati. Siku hiyo alivaa miwani. Nilijifanya naangalia makasha ya chaki. Kidole chake kikashuka ukurasa wote, kikasimama.

"Kumbe nilikuwa mgonjwa?"

"Eedo, mwenyekiti ndiye alisema—"

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

Akavua miwani. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na afadhali ingepanda.

"Nimetunza kila kitu mlichoandika, maalim. Miaka arobaini. Maji yalipokuja nilibeba karatasi zenu nikaacha vyombo vyangu. Sijawahi kuuliza kama ni za kweli."

Akanirudishia ukurasa ule. Akanipa kalamu, akanisogezea kiti.