Mchanga wa Bi Kuluthumu

Munira alikuta mchanga kwenye shuka la mama yake saa moja asubuhi. Ulikuwa mchanga wa korongo, mwekundu kidogo, wa kujaa sahani mbili. Aliukung'utia uani, kisha akabandika chai.

"Umetoka mgongoni huku," alisema Bi Kuluthumu. "Wala hauumi."

Alikuwa na miaka sabini na minane. Aliacha shamba lake la mlimani Kondoa magoti yalipomshinda, akaja kukaa na binti yake, mtaa wa Miyuji. Mchanga ulitoka kila siku. Jirani yao Nurdini, fundi ujenzi, aliuomba akapiga nao plasta. Alisema ni msafi, hauna chumvi.

Wiki ya tatu, Bi Kuluthumu alivimba miguu na mkojo ukawa haba. Munira akampeleka hospitali mjini. Daktari Debora alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akampima damu.

"Ukishavuka arobaini, damu inayopita kwenye figo hupungua mwaka hadi mwaka," alisema. "Huo ni uzee tu. Ila hapa imepungua kupita kiasi. Bibi anakunywa dawa gani?"

Munira alitoa mfuko. Vilikuwa vidonge vya maumivu ya magoti, kutwa mara tatu, kwa miaka sita, kutoka zahanati ya mtaani. Hakuna aliyewahi kumpima damu.

"Hivi vinabana mishipa ya figo. Kwa umri wake ilibidi apimwe kwanza." Mchanga aliuandika kwenye faili, mahali pa mengineyo.

Bi Kuluthumu alitazama vidonge vyake. "Vilikuwa vinanituliza kweli," alisema. "Yule kijana wa zahanati nilikuwa namwombea dua kila Ijumaa."

Alifariki mwezi wa Shaabani. Wanawake waliomwosha walisema alikuwa mwepesi, na walikung'uta vitambaa mara nyingi.

Baada ya arobaini, Munira alikwenda zahanati kumweleza Erick, mtoa dawa, asije akawapa wengine vidonge vile bila kuwapima. Erick alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, dada. Lakini ndivyo tunavyoletewa. Na kipimo hatuna."

Kwenye benchi walikaa wazee sita. Chini ya kila mmoja palikuwa na kichuguu kidogo cha mchanga. Mfagizi alipita na ufagio wake.

"Babu, shikamoo. Inua miguu kidogo."

"Marahaba," alisema mzee, akainua.

Erick akamwita anayefuata.