Kipimo Si Sahihi

Kati ya wanafunzi kumi na wawili waliosoma kompyuta kidato cha nne, kumi na mmoja walikuwa na mjomba mwenye duka. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyohivyo, na uliotangulia huo pia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya wajomba ilikuwa imeshafika mwaka wa nane na bado ilikuwa inapitika.

Sababu ilikuwa mradi. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza programu ya kumsaidia mtu wa kweli katika kazi yake ya kweli, kisha mtu huyo aandike barua kwa mkono wake, atie sahihi, aseme imemfaa au haikumfaa. Bila barua, mradi haupokelewi. Bila mradi, theluthi ya alama za mtihani imekwenda na maji. Sasa mtu wa kweli ana usumbufu wake: anachelewa, anauliza maswali, leo anataka hili na kesho lile. Mjomba wa kubuni hana neno. Kwa hiyo barua ziliandikwa nyuma ya maabara ya kompyuta, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, na zote zilisema jambo moja: "Nimeridhika sana na programu hii." Bingwa wa kuziandika alikuwa kijana mmoja mwembamba, jina lake la shuleni Waya, na ujira wake ulikuwa kalamu moja kwa mjomba mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa msichana ambaye shangazi yake alimwita Mtaalamu, kwa mapenzi na kwa utani kidogo. Huyu hakuhitaji mjomba. Alikuwa na shangazi wa kweli, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na shangazi alikuwa na daftari la bluu lililotuna kwa vipimo vya wateja wa miaka ishirini na miwili. Kumtafuta mteja mmoja humo kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Tena ukurasa ukipatikana, ulikuwa na mambo ambayo hayapimwi kwa futi: "Mama wa geti jekundu. Bega la kushoto limeshuka, weka sponji, usimwambie."

Mtaalamu aliona kazi iko wazi. Angehamishia daftari kwenye kompyuta: jina, simu, kifua, kiuno, nyonga, mkono, kila kimoja na kisanduku chake. Tena angeweka ulinzi. Mwalimu wa kompyuta, mtu mpole aliyevaa koti la kijivu siku zote, jua au mvua, mkono wa kushoto umekunjwa mara mbili, alikuwa amelisisitiza sana hilo. "Msikubali kila kinachoandikwa," alisema. "Mtu hana umri wa miaka mia tatu. Programu ikatae."

Basi Jumapili, akiwa ameshiba vizuri, msichana alikaa akafikiri ni kipimo gani hakiwezekani. Akajipima mwenyewe. Akampima shangazi. Akaandika sharti: kiuno hakiwezi kuzidi nyonga. Mtu akikosea, maandishi mekundu yatokee na kompyuta ilie. Mwalimu alipoliona Jumatatu aliweka tiki. Msichana akarudi nyumbani na kompyuta ndogo ya shule aliyoazimwa kwa wiki moja, kichwa juu, na Ijumaa ndiyo siku ya barua.

Jumanne baada ya masomo aliiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na pini, na mteja wa kwanza akawa muuza mayai.

Muuza mayai alikuwa mama wa makamo, mcheshi, lakini siku hizi alijifunika mtandio mpana na hakuuvua mpaka aambiwe. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa miezi, na hospitali walikuwa wamempa tarehe ya upasuaji. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu: gauni la kwenda nalo kwenye mahafali ya binti yake. Shangazi alimzungusha futi taratibu huku akimtania kuhusu bei ya mayai.

"Kiuno, mia na kumi na nane," alisema. "Nyonga, mia na nne."

Mtaalamu akaandika. Kompyuta ikalia piii.

"Imesemaje?" muuza mayai aliuliza.

Msichana akasoma bila kufikiri, sauti ya mtangazaji wa habari. "Kipimo si sahihi. Kiuno hakiwezi kuzidi nyonga."

"Nipime tena, fundi."

Shangazi hakuwahi kukosea kipimo kwa upana wa ukucha, lakini alipima tena. Mia na kumi na nane. Mia na nne. Piii.

Muuza mayai alitazama yale maandishi mekundu, kisha akajifunika mtandio wake. "Kumbe hata mashine imeona," alisema polepole. Akachukua kapu lake. Shangazi alimwita mpaka mlangoni, lakini alikwenda bila kugeuka.

Shangazi alitundika futi kwenye msumari wake. Alipokasirika hakupiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa likimtisha msichana tangu utotoni.

"Mwanangu, kwenye kazi hii mwili haukosei. Nguo ndiyo inakosea, na nguo ikikosea unaifumua. Leo umemfumua mtu."

"Ni sharti tu, shangazi. Nalifuta sasa hivi."

"Lifute. Na machozi ya yule utayafuta kwa kitufe gani?"

Badala ya kujibu, msichana yalimtoka yale ambayo baadaye aliyaonea aibu kuliko sharti lenyewe. "Na barua?"

Shangazi aliokota pini mezani. "Barua nitaandika. Nitaandika nilichokiona."

Hapo maji yalizidi unga. Barua inayosema programu imemfukuza mteja ni sawa na kujichimbia shimo na kuomba koleo la pili. Jumatano, wakati wa mapumziko, Mtaalamu alikwenda nyuma ya maabara akiwa na kalamu mpya mkononi.

"Hata wewe!" Waya alifurahi. "Haya, mjomba wako ana duka la nini?"

"La vitambaa."

"Safi. Sina la vitambaa mwaka huu." Akahamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto, na dakika tano baadaye mjomba alikuwa ameridhika sana.

Msichana aliikunja barua ndani ya kitabu. Alama zake zilikuwa salama, na alitegemea kwamba moyo nao ungetulia. Haukutulia. Usiku alisikia piii, asubuhi alisikia piii, na Alhamisi jioni miguu yake ilimpitisha sokoni kabla hajaipa ruhusa.

Muuza mayai alikuwa akipanga trei zake. Alimwona msichana, akavuta mtandio.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini? Mashine imesema ukweli." Alikuwa amefumba macho nusu, kama mtu asiyelala. "Daktari ananiambia uvimbe huu si mbaya, utatolewa na yataisha. Nilikuwa nimeshamwamini. Sasa mashine nayo inasema mwili huu hauwezekani. Nikasema basi, daktari ananificha. Siku mbili sijafumba jicho."

Mtaalamu alikuwa amefikiri amemwaibisha mama wa watu. Kumbe alikuwa amempa hukumu.

"Mama, ile mashine haijui kitu. Haijui ugonjwa, haijui tumbo, wala haikukuona. Ilirudia niliyoiambia mimi, Jumapili, baada ya kula. Nilijipima mimi na shangazi, nikadhani watu wote wako hivyo."

"Watu wawili?"

"Wawili tu."

"Kwa hiyo aliyenikataa ni wewe?"

"Ni mimi, mama." Na hapo machozi yakamtoka.

Muuza mayai alimkazia macho, kisha akaanza kucheka, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Alhamdu, ni wewe! Wewe naweza kukuchapa. Mashine ningeichapa wapi? Beba trei hiyo twende, gauni lenyewe ni la wiki ijayo."

Wakarudi pamoja, msichana na mayai thelathini mbele. Shangazi alivuta stuli akampa mteja wake, akatundua futi, na kazi ikaanza upya. Mtaalamu naye alifuta sharti lake palepale, huku muuza mayai akimsimamia kama askari. Kisha akaongeza kisanduku cha siri za fundi, zile za sponji na mabega.

"Na mkono uwe na visanduku viwili," shangazi alisema bila kuinua macho. "Nani alikwambia mikono ya mtu inalingana?"

Ijumaa alikwenda shule na barua mbili, ya mjomba na ya shangazi. Mwalimu alipita dawati kwa dawati, akisoma kwa sauti ile ya mtu aliyeyasikia yote: nimeridhika sana, nimeridhika sana. Alipomfikia, msichana alifungua kitabu chenye barua zote mbili. Akatoa ya shangazi.

*"Mwalimu, programu ya mtoto wangu ilimwambia mteja wangu mgonjwa kwamba kipimo cha mwili wake si sahihi. Ilimwambia mara mbili mbele yangu. Sikuridhika. Mtoto alimfuata akamwomba radhi, akarudi naye. Programu ameibadilisha na sasa inanisaidia kutafuta vipimo. Lakini daftari langu sijalitupa. Ni mimi, fundi cherehani."*

Mwalimu hakuisoma kwa sauti. Aliisoma mara ya pili, kisha akavuta kiti akaketi.

"Sharti la kiuno," alisema. "Na mimi niliweka tiki."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwenye majaribio nitakukata alama. Ulijaribu kwa watu wawili, na hilo ni kosa, halina njia ya mkato. Kwenye barua nakupa zote." Akalitazama darasa. "Miaka minane nafundisha hapa. Fundi huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye hakuridhika. Wajomba wenu nawaonea wivu, hawana shida hata moja duniani." Waya aligundua jambo la muhimu sana kwenye dari. Mwalimu akaikunja barua vizuri, akashusha sauti. "Shangazi yako hufungua Jumamosi?"

Alikuja saa nne asubuhi. Alizunguka kidogo, akasifu cherehani, akaulizia vitambaa, na mwishowe akavua koti lake. Msichana hakuwahi kumwona bila koti. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, tangu kuzaliwa, na maisha yake yote alikuwa akinunua makoti dukani na kuyakunja.

Shangazi alimpima alivyompima kila mtu, akilalamikia bei ya vifungo. "Mkono wa kulia, sitini na mbili. Wa kushoto, arobaini na tano."

Mtaalamu akaandika. Mwalimu alikuwa ameikazia macho ile kompyuta, mabega juu, kama mtu anayengoja sindano.

Kompyuta haikusema kitu.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali, mwalimu."

Mwalimu akashusha mabega, na shangazi ikabidi ampime upya.