Vipepeo Vile, Vipepeo Wale

Valeria alikuwa barazani akichambua choroko gari la kipaza sauti lilipopita kijijini Pande likitangaza: "Tunanunua vipepeo na mayai! Njooni ghalani!" Zilikuwa zama za ruksa, na watu walikwishazoea wageni kununua vitu vya kila namna, kuanzia jongoo bahari hadi chupa tupu. Kwa hiyo hakuuliza. Alifungua kitita chake cha mwisho cha ukindu, akasuka vipepeo vya kupepelea moto, akaongeza mayai ya kuku kikapuni. Alidhani mnunuzi anafungua banda la mishikaki na chipsi.

Kitita kilikuwa cha mwisho kwa sababu bonde la mikindu, alikokata yeye na kabla yake mama yake, sasa lilikuwa ndani ya seng'enge. Mwekezaji alionyeshwa bonde hilo kuwa ni pori lisilotumiwa na mtu, akapewa.

Ghalani alimkuta mnunuzi mwenyewe, Ignasi, kijana wa Dar mwenye wavu begani na viatu vilivyojaa maji. Mvua ilikuwa imekuja Agosti, mwezi usio wake, ikayapukutisha maua ya mikorosho na kuwaficha wadudu wote.

"Shikamoo, mama. Nini hivi?"

"Marahaba. Vipepeo hivyo. Na mayai yako, ya kienyeji."

Ignasi alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. "Mama, mimi nataka vipepeo wale wa kuruka! Na mayai yao!"

"Si ungesema wale! Una kipaza sauti kikubwa namna hiyo, halafu neno unalimeza."

Valeria akarudi na vipepeo vyake nyumbani, akavitundika upenuni. Alasiri upepo wa mvua ulipovuma, vipepeo vilianza kujipepea vyenyewe. Vikaifungua kamba, vikaruka kufuata njia ya bondeni, mipini ikining'inia nyuma. Valeria alijitanda kanga ya pili kichwani akatoka kuvitafuta. Ule ndio uliokuwa ukindu wake wote.

Njiani alimkuta Ignasi akiwa amepiga magoti kwenye tope, anafunua majani. Tangu asubuhi hakuwa amepata yai hata la sisimizi.

"Vile vilivyopita ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vinataga?"

"Nitajuaje, mwanangu? Leo ndiyo kwanza vimetoka nyumbani."

Wakaongozana. Mvua iliwapiga za uso, Ignasi akateleza, akaanguka, akasimama, akaanguka tena upande ule ule, na Valeria akamwambia achague upande mwingine ili nguo zilingane. Walifika kwenye geti la seng'enge wakiwa wanacheka.

Mlinzi alikuwa Benjamini, mdogo wa marehemu mume wa Valeria. Alisimama chini ya turubai, rungu mkononi.

"Shemeji, ndani hakuingiliki. Unajua."

Valeria akashika kiuno, akamwimbia:

"Ewe mlinzi wa waya, wavilinda vya wenyewe,
Zamani tukitembeya, hukuwepo hata wewe."

"Nilikuwepo, shemeji. Mimi nimezaliwa humu humu bondeni."

"Basi nenda ukatazame, mzaliwa."

Benjamini akaenda. Kila kipepeo kilikuwa kimetua kwenye mkindu uliowahi kukatwa ukindu, pale pale kwenye kovu la panga, na chini ya kila jani yalikuwa mayai meupe kama punje za ulezi. Vingine vilikuwa vimetua juu ya makovu ya zamani, yaliyokwisha kugeuka meusi. Hayo aliyajua pia. Ni mkono wa mama yake Valeria, aliyekuwa akikata kwa kushoto.

"Mayai yapo!" akapaza sauti. "Na bonde zima limekatwakatwa na watu wa kwenu!"

"Ndilo hilo pori lisilotumiwa!" akajibu Valeria.

Akaitwa ofisa wa serikali. Akaja na mwavuli, akakagua mkindu mmoja mmoja, akakiri kwamba makovu ni makovu. Kisha akafikiri sana. Mwishowe akaamua kwamba vipepeo vikiwa vimesukwa ni *vile*, kwa hiyo ni mali ya mama. Lakini watakaoanguliwa ndani ya seng'enge ni *wale*, kwa hiyo ni wa mwekezaji. Kuhusu bonde hakuulizwa, alisema, aliulizwa kuhusu vipepeo. Ignasi akamshukuru, akasaini mkataba wa kununua kwa mwekezaji, na gari la kipaza sauti halikupita tena.

Vipepeo vya Valeria vilirudi nyumbani siku hiyo hiyo, vikajitundika. Tangu hapo huenda bondeni vinapotaka na kurudi wakati wa kupika, na mkaa unaopepewa navyo hunukia makindu mabivu nyumba nzima. Majirani huja na vyungu vyao kuomba moto. Valeria huwapa, na huwacheka wenye pua kubwa.

Benjamini naye huja akitoka zamu, akaketi jikoni.

"Leo kimoja kimenipita getini bila kusimama, shemeji."

"Ungekidai kibali."

"Nilikidai. Kikanipepea."

Valeria alicheka mpaka akaweka mwiko chini, akampakulia ugali wa muhogo na choroko, akamwongezea. Benjamini alikula akashiba, akanawa, akaaga. Asubuhi alirudi zamu, akalifunga geti kama kawaida.