Lucien Alitukaribisha Kula Nje

Tangu Lucien arudi kutoka Ubelgiji, ungedhani kiangazi ni sikukuu. Sisi wa Kadutu, hapa Bukavu, tunakijua kiangazi: vumbi mpaka ndani ya sufuria, kikohozi, moshi wa nyasi zinazochomwa milimani, na baridi ya asubuhi inayomchelewesha mtu misa. Hakuna mwenye akili timamu anayekitamani. Tunangoja mvua, na ikishuka tunasema sasa kumekuwa kuzuri. Yeye akatuambia kwamba kule mambo ni kinyume. Mvua ikinyesha wananuna. Jua likitoka wanapongezana njiani, wanavua viatu na kujilaza kwenye majani, watu wazima, mchana kweupe.

"Balikuwa bagonjwa?" nilimuuliza.

"Hapana, tantine Eulalie. Bafuraha tu. Na jua ya kule haina haraka. Munamaliza chakula ya magaribi, na yenyewe ingali iko juu."

Nilimwambia aache kuongea hivyo mbele ya kaka yangu Grégoire, maana Grégoire alikuwa tayari anamtilia shaka bila kusikia habari za jua lisilotaka kulala. Lucien alikuwa akimposa binti wa kaka yangu, Colombe, na mimi shangazi ndiye niliyemfikisha nyumbani. Alikuwa seremala hodari, mzaliwa wa upande wa Kamituga, yatima aliyelelewa na mapadri. Mwaka uliotangulia, mwaka wa maonyesho makubwa ya Brussels, bwana wake wa kazi alimchukua kwenda kusaidia kazi za mbao, akamweka kwa familia ya seremala mzee katika mji mdogo. Alirudi na koti zuri na kichwa kilichojaa jua.

Grégoire, fundi cherehani, hakusema ndiyo wala hapana. Kila nikimuuliza alikuwa na jibu lilelile: "Ule muntu hana ukoo. Nani atanisimulia tabia yake?" Na Colombe, siku moja tukichambua maharage, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake akikataa, hataolewa na mwingine; ataingia kwa masista. Wasichana wengi husema hivyo. Huyu namjua tangu kuzaliwa, angeingia kweli.

Ndipo Lucien akaja na wazo lake. Alitaka tukale chakula cha Dominika nje, ufukweni mwa ziwa, kama walivyomfundisha kule. Nilishika kichwa. Lakini Grégoire alinishangaza.

"Nitakuya," alisema. "Nitakula chakula yake, kisha nitajibu."

Basi baada ya misa tukashuka. Ufuko mzuri wote ulikuwa nyuma ya nyua za maua za Wazungu, kwa hiyo tulitembea sana hadi kwenye kipande kimoja cha ufuko upande wa Bagira, mahali pasipokuwa na mwenyewe. Lucien alikuwa ametandika shuka jeupe juu ya majani makavu. Alisimama pembeni akitabasamu, shati limepigwa pasi, shingo inatoka jasho.

"Karibuni, muikale," alisema, na kutuonyesha shuka.

Shuka moja! Grégoire, mkewe Virginie, mimi, Colombe na yeye mwenyewe, wote tuzunguke shuka moja. Nyumbani kwetu mkwe hula sebuleni na mama mkwe hula ndani. Hawaonani midomo ikitafuna wala ikinywa mpaka wanazeeka. Virginie aliketi kwa sababu hakuwa na pa kwenda, akavuta kitenge chake mpaka karibu na macho. Barabarani juu walipita watu waliotoka misani, na kila mmoja alisimama kidogo kututazama, familia nzima tunataka kula hadharani kana kwamba nyumba yetu imeungua.

Lucien hakuona lolote. Alifungua kikapu akatoa mikate, mayai ya kuchemsha, na kuku wa baridi. Kuku wa baridi, mimi nikadhani moto ulimzimikia njiani. Kisha akatoa mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nami moyo ukanitulia kidogo. Alimmiminia Grégoire kikombe cha kwanza, akakitoa kwa mikono miwili. Akammiminia Virginie, akanimiminia mimi, akammiminia Colombe. Kikombe chake mwenyewe akakijaza mwisho, akakiweka chini. Akaweka mikono magotini, akangoja, akitabasamu.

Hakuna aliyekunywa.

Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Hata dada yangu wa tumbo moja akinipa maji, ataonja. Ndivyo unavyojua kwamba hakuna kitu ndani. Na kwetu sisi hilo halikuwa jambo la adabu tu. Kaka yetu Adalbert alipokea kikombe kwenye matanga ya jirani, akakinywa kwa haraka kwa sababu ya kiu, na hakuvuna maharage yake ya mwaka ule. Kama ni kikombe kile au ni ugonjwa, hatukujua kamwe. Grégoire ndiye aliyemwosha kabla ya kuzikwa.

Sasa kaka yangu alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

"Na weye?" aliuliza. "Haukunywe?"

"Hapana, papa," Lucien alijibu kwa furaha. "Ni nyinyi kwanza!"

Grégoire aliweka kikombe chini polepole, akakisukuma mbali na goti lake. Colombe alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Nilijua kinachofuata: kaka yangu angesimama, angejipangusa suruali, na habari ya ndoa ingeishia pale kwenye majani. Nikapandwa na hasira.

"Lucien!" nilipiga kelele. "Mbele ya Mungu, onja!"

Hapo ndipo alipoelewa. Niliona uso wake ukisawijika. Alinyakua kikombe, akakiinua, kisha macho yake yakakutana na ya Virginie, aliyekaa uso kwa uso naye juu ya shuka lile lile. Mkono ukasimama hewani. Asipokunywa, ni mtu mwenye sumu. Akinywa, anakunywa machoni pa mama mkwe wake, hana heshima. Shuka lake ndilo lililomfunga, masikini, na alilifua mwenyewe.

Alirudisha kikombe chini.

"Papa, unisamehe," alisema. "Hapa Bukavu nimetengeneza meza mingi ya bazungu. Sijaikala hata kwa moja. Kule, siku ya kwanza, banatandika shuka mu majani, na maman wa ile nyumba anachukua sahani ya kwanza, ananipa miye. Mbele ya bwana yake. Mbele ya batoto yake. Halafu bote banangoja nianze. Nilishindwa kumeza, papa. Hakuna muntu alikuwa amenipakulia ya kwanza tangu nizaliwe. Nikasema, siku nitapata batu yangu, nitabafanyia vile."

Hasira yangu iliniishia yote. Niliona kwamba Grégoire anamsadiki. Lakini hakukigusa kikombe, na sikuweza kumlaumu. Maneno hayakuwa yamemrudisha Adalbert.

Kisha Virginie akakusanya kitenge chake. Nilidhani anaondoka. Akageuka palepale alipoketi, akatupa mgongo sisi sote, akatazama ziwa.

"Miye ninaangalia maji," alisema. "Yenye iko nyuma yangu, sioni."

Lucien hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alionja kwenye kikombe cha Grégoire, akameza, akakirudisha kwa mikono miwili. Kisha akainua chake akakimaliza chote. Kaka yangu alimtazama koo likipanda na kushuka. Alitazama mgongo wa mkewe, mwanamke aliyekaa naye miaka yote ile bila kumgeuzia mgongo. Halafu akanywa.

"Kuku ya baridi," alisema, akichukua paja. Alitafuna muda mrefu, akijua wazi kwamba sote tunamngoja. "Siyo mubaya. Mutafunga ndoa mbele ya mvua kuanza. Lakini siku ya harusi tutakula mu nyumba, na chakula itakuwa ya moto."

Colombe alificha uso begani mwangu, akicheka na kulia. Ndipo mkono wa Virginie ukaja nyuma ya mgongo wake, kiganja wazi, yeye mwenyewe angali anatazama ziwa. Alikuwa na kiu. Colombe akajipangusa macho, akashika kikombe cha mama yake ili ampe.

"Hapana weye," Virginie alisema bila kugeuka. "Ule mutoto wangu mwengine. Aonje, anipe."