Mfano wa Somo la Tatu

Kila alipofika kwenye somo la tatu, la miradi iliyokwama, mkufunzi Evodius alizima feni ili asikike vizuri. Kisha aliwasimulia washiriki wa semina habari za wodi ya wazazi ya kijiji kimoja cha Kisarawe, ambayo ujenzi wake uliishia kwenye lenta, juu ya madirisha. Mkandarasi alikwenda zake, kamati ikabaki inakaa vikao, magugu yakaota ndani. Alipomtaja mjamzito aliyefia kwenye bodaboda akikimbizwa hospitali, Naila mwenyewe aliingia ukumbini, tumbo mbele, khanga imelowa, anatafuta pa kukaa.

Washiriki walimsogezea kiti. Aliyenung'unika ni mpishi tu, maana marehemu hakuwekwa kwenye hesabu ya chakula.

Mama yake Naila, Mwanakheri, mkulima wa mihogo, alipata habari kwa jirani aliyetoka kwenye semina huko Kibaha. "Da Mwanakheri, nimemwona Naila pale ukumbini Tangini. Anakusalimia." Tangu siku hiyo hakuna semina iliyompita. Alikaa nyuma na vitumbua vyake, akisubiri somo la tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kula kwanza."

Naila alikula kwa uchu wa mjamzito. Mwanakheri aliweka kiganja tumboni mwake, na mjukuu akapiga teke. Furaha ile ilimuuma kuliko msiba wenyewe. Kule mbele Evodius aliuliza nani alipaswa kufuatilia mradi, mikono ikanyooshwa, majibu yakawa mazuri. Somo la nne lilipoanza, kiti kilikuwa kitupu na kimelowa.

Wahenga walisema kufa kufaana, na kifo cha Naila kiliwafaa wengi. Watu walipata vyeti, wengine wakapanda vyeo. Kijijini, magugu yalikuwa yameshaipita lenta.

Alfajiri moja, juu ya mswala, Mwanakheri alijikuta akimwomba Mungu wodi ile isikamilike, mfano usije ukafutwa. Akawakumbuka mabinti wa jirani wenye mimba. Akastaghafiru, akalia mpaka kukapambazuka, na bado moyo wake haukubadili ombi.

Siku moja Evodius alimfuata nje kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Tumeyaboresha mafunzo. Mfano wa Naila umekuwa wa zamani."

"Wodi imekwisha?"

"Hapana, mama. Tumepata mfano mpya, wa upande wa Mlandizi."

"Basi mtaje tu, baba. Umtaje na kuendelea."

Evodius aliangalia viatu vyake. "Ratiba imebana, mama."

Semina iliyofuata Mwanakheri alikwenda vilevile, maana hakuwa na pengine pa kumfuata mwanawe. Kwenye kiti chake cha nyuma alimkuta mama mmoja mgeni, amepakata chupa ya uji, macho yanahangaika. Walisalimiana. Mgeni alisema anaitwa Ashura, ametoka Mlandizi, ameambiwa binti yake huonekana hapa. Mwanakheri alivuta kiti, akaketi ubavuni pake. Mbele, Evodius alizima feni.

"Atakuja," Mwanakheri alimnong'oneza. "Mshike mkono, mpe uji wake. Ila usimuulize lini atarudi nyumbani, mdogo wangu. Wa kwangu nilimuuliza, akalia mpaka somo likaisha."