Koti Jekundu la Helenka

Kaka yangu Wincenty alimwoa Ludwika mwaka uleule tulioshuka melini kutoka Polandi. Tulipanga vyumba viwili kando ya mto, hapa Massachusetts, tukaingia sote watatu kwenye kiwanda cha sufu. Ludwika alisimamia mashine mbili za kufumia. Alikuwa mwepesi wa mkono, na wa mdomo zaidi.

Miaka saba baadaye, mwezi Januari, kampuni ilileta mashine mpya zinazokwenda kasi zaidi, na msimamizi wetu, Doolan, akatangaza kuwa kila mfumaji atasimamia nne.

"Nne?" Ludwika akamuuliza. "Mie mikono yangu miwili. Labda uniazime yako, maana sijaiona ikifanya kazi."

Wanawake wakacheka, na Doolan akawa mwekundu. Kabla ya saa sita mchana mashine zote zilikuwa zimezimwa, nasi tuko barabarani kwenye theluji, maelfu ya watu.

Mgomo ukaenda wiki moja, mbili, tano. Serikali ikaleta wanajeshi, vijana wasio na ndevu wameshika bunduki zenye singe. Wincenty alitangulia mbele kila siku akianzisha nyimbo, na kila siku karani wa kampuni alisimama dirishani akiandika majina. Nyumbani tulikula viazi asubuhi, jioni tukanywa maji yaliyochemshiwa viazi. Helenka, binti yao wa miaka sita, akaanza kukohoa.

Kamati ya mgomo ikasema kuna familia New York zilizo tayari kuwatunza watoto wetu mpaka mambo yatulie. Ludwika alikataa siku tatu. Siku ya nne mtoto alishindwa kuinuka kitandani.

"Wifi, nikimtoa mwanangu, mimi ni mama gani?"

"Mama mwenye mtoto aliye hai," nikamjibu. Mpaka leo najiuliza nani alinituma kusema.

Tulimpandisha treni, jina lake limebandikwa kifuani kwa pini.

Barua zilikuja kila wiki kutoka kwa mwenyeji wake New York, Bibi Whitcomb, mke wa daktari wa meno. Mimi nilijua Kiingereza kidogo, basi nikawa msomaji. Helenka amepona. Helenka amekula machungwa. Helenka amepelekwa kwenye duka la ghorofa sita, amenunuliwa koti, viatu, na mwanasesere anayefumba macho. Wincenty alifurahi, akataka nirudie pale pa mwanasesere. Ludwika alikuwa akiosha sufuria ambayo haikuwa imepikiwa kitu.

Wiki ya tisa watu wakaanza kurudi kazini mmojammoja, wameinamisha vichwa. Sikuwalaumu, njaa haina chama. Mimi na Ludwika tulipokelewa, mashine nne kila mmoja. Jina la Wincenty lilikuwa kwenye orodha ya wasiotakiwa.

Helenka akarudi Aprili, amenenepa, amevaa koti jekundu. Ludwika akamvua, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Kitambaa chetu hiki," akasema. "Hizi nyuzi mbili nyeusi za pembeni ni alama ya ghorofa yetu kiwandani."

"Basi angalau kimemfikia mmoja wetu," kaka yangu akasema, akijaribu kucheka.

Mtoto akaitazama supu ya kabichi bila kushika kijiko. "Mama, tutakwenda lini dukani?"

"Kununua nini?"

"Si lazima kununua. Kule watu wanakwenda tu kuangalia, halafu wanajua wanachotaka."

Wincenty alizunguka kila kiwanda cha mji, na kila lango orodha ilikuwa imemtangulia. Mwezi Juni akaenda kwenye migodi ya makaa ya Pennsylvania. Aliandika mara mbili, kisha kimya. Tuliuliza, tukaandikia kanisa la kule, hakuna aliyemjua.

Helenka akawa anashinda peke yake, ufunguo umening'inia shingoni, tangu alfajiri mpaka tuliporudi masikio yakivuma kwa kelele za mashine. Majira ya baridi yalipokaribia, kikohozi kikarudi. Barua ikaja pia: Bibi Whitcomb alimwomba mtoto akae kwake, asome huko.

"Mwandikie," Ludwika akaniambia, "mwanangu si paka wa kuombwa."

Nikaandika, kwa maneno ya upole kidogo.

Wiki iliyofuata mkuu wa stesheni akatuita. Helenka alikuwa amekaa kwenye benchi ndani ya koti lake, mwanasesere mapajani, akikohoa.

"Unafanya nini hapa?" mama yake akamuuliza.

"Nasubiri treni ya nyumbani."

Nilidhani atamchapa. Ludwika akapiga magoti, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, polepole, na kile cha mwisho kilimshinda. Nikakifunga mimi. Jumapili akampeleka New York mwenyewe, akarudi Jumatatu moja kwa moja kazini.

Mwaka wa pili Helenka akaanza kuandika mwenyewe, kwa Kiingereza. Kipolandi kilikuwa kimemtoka. Barua ya kwanza nilimsomea Ludwika mezani. Nilipofika katikati nikasita, kisha nikasema, "Bibi Whitcomb anasema atanifundisha piano."

Ludwika akanitazama. "Wifi, soma alivyoandika."

Nikasoma. "Mama anasema atanifundisha piano."

Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasogeza kiti, akauliza hilo neno la kwanza ni lipi pale kwenye karatasi, nami nikamwonyesha kwa kidole.